Askari wanaosalia ndani ya uvimbe

*Tangu mwanzo wa karne ya 20 madaktari wameamini kwamba mionzi inayoua saratani huua pia seli za kinga zilizomo ndani yake. Utafiti wa Chicago umeonyesha vingine, na matokeo yake yanawahusu pia wanawake wanaopanga foleni ya mionzi Dar es Salaam.*

Panya amelazwa chini ya darubini, amepewa dawa ya usingizi. Kwenye ngozi yake pamewekwa kidirisha cha kioo, na chini ya kioo hicho uvimbe wa saratani unakua. Ndani ya uvimbe mna seli za kinga zenye protini inayong'aa, hivyo mtafiti anaziona moja moja zikipenya kati ya seli za saratani.

Uvimbe unapigwa mionzi. Panya anarudishwa kizimbani. Baadaye analetwa tena chini ya darubini, na watafiti wanatazama kilichobaki.

Vitabu vya tiba vilishatoa jibu mapema: seli zile zitakuwa zimekufa, kwa sababu hakuna seli nyingi mwilini zinazodhurika upesi kwa mionzi kama seli za kinga. Lakini kwenye kioo zilionekana bado zinang'aa. Sehemu kubwa ilikuwa hai, na zilikuwa zikitembea kwa kasi zaidi kuliko seli za kinga za uvimbe ambao haukupigwa mionzi.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Communications na timu ya Ainhoa Arina na Ralph Weichselbaum wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani huhitaji mionzi katika hatua fulani ya matibabu. Kwa hiyo kinachozipata seli za kinga ndani ya uvimbe kinagusa maamuzi ya kila siku ya hospitali: dozi iwe kubwa kiasi gani, eneo linalopigwa liwe na upana gani, na dawa za kuamsha kinga zianze lini.

Sifa mbaya ya mionzi

Seli zinazozungumziwa hapa ni seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanazijua kupitia kliniki za VVU. Kundi moja la seli hizo ndilo lile la CD4, ambalo wahudumu wamezoea kuliita askari wa mwili. Kundi jingine, CD8, lina kazi ya kuua moja kwa moja seli iliyoambukizwa virusi au iliyogeuka saratani. Hili la pili ndilo linalobeba uzito mkubwa katika habari hii.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Haikupita miaka kumi, watafiti wa Ujerumani wakaona kwamba wanyama waliopigwa miale hiyo huharibika wengu na tezi za limfu, ambako ndiko maskani ya seli za kinga. Sifa hiyo mbaya haijafutika tangu siku hizo.

Na haikuzuka bure. Seli T zinazosafiri kwenye damu hufa kwa dozi ndogo. Grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kiasi cha kawaida cha siku moja ya matibabu, zinatosha kuua sehemu kubwa ya hizo zinazofikiwa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walikokotoa kinachompata mgonjwa wa saratani ya ubongo anayepigwa mionzi mara 30, jumla ya grei 60. Mionzi inalenga kichwa tu, lakini damu haikai mahali pamoja: inapita ubongoni, inatoka, inaingia nyingine. Hesabu yao ilionyesha kwamba hadi matibabu yanakwisha, asilimia 99 ya damu inayozunguka mwilini imeshapata angalau nusu grei.

> *Mionzi inalenga kichwa tu, lakini damu haikai mahali pamoja.*

Ndiyo maana majibu ya damu ya mgonjwa aliye kwenye mionzi mara nyingi huonyesha limfosaiti, yaani kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo, zimeshuka. Katika saratani kadhaa, wagonjwa ambao zimeshuka sana wameonekana kuishi muda mfupi kuliko wenzao. Daktari anayeona hivyo mwaka nenda mwaka rudi hawezi kulaumiwa akiamini kwamba mionzi na kinga ya mwili havipatani.

Dalili za muda mrefu

Hata hivyo, yapo mambo ambayo imani hiyo ilishindwa kuyaeleza.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza R. H. Mole aliandika kuhusu athari za mionzi zinazojitokeza mbali na mahali palipopigwa. Mara chache sana madaktari walikutana na mgonjwa aliyepigwa mionzi kwenye uvimbe mmoja, ukanywea, kisha uvimbe mwingine ulio mbali nao ukanywea pia bila kuguswa. Visa hivyo vilikuwa adimu mno, vikaripotiwa kimoja kimoja, na wengi waliviona kuwa bahati.

Mwaka 1979 Helen Stone na wenzake huko Houston, Texas, walilinganisha panya wenye kinga kamili na panya walionyimwa seli T. Wote walikuwa na uvimbe wa aina moja. Wale wasio na seli T walihitaji mionzi karibu mara mbili ili uvimbe udhibitiwe. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi iliyohesabiwa kuwa ya mashine ilikuwa ya kinga ya mwili. Miaka 30 baadaye, mwaka 2009, kundi la Chicago liliondoa seli za CD8 kwa panya na kuona dozi kubwa ya mionzi ikipoteza nguvu yake nyingi.

Kisha kikaja kisa kilichowaamsha wengi. Mwaka 2012 madaktari wa New York waliripoti katika New England Journal of Medicine habari za mgonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi inayosambaa kwa ukali. Alikuwa akitumia ipilimumab, dawa inayoziondolea seli T kizuizi chake, lakini ugonjwa ukaendelea. Walipompiga mionzi mara tatu kwenye uvimbe ulio karibu na uti wa mgongo, ili kumpunguzia maumivu, uvimbe uliokuwa kwenye wengu na kifuani ulianza kunywea nao.

Ipilimumab ilitokana na kazi ya James Allison wa Marekani. Yeye na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kugundua tiba ya saratani inayoondoa vizuizi vinavyozituliza seli T, CTLA-4 na PD-1. Leo dawa zinazoondoa vizuizi hivyo hutumika katika saratani nyingi, na swali la kuzichanganya na mionzi limetoka pembezoni likaingia katikati ya utafiti.

Waliokuwa ndani tangu mwanzo

Hapa ndipo palipobaki fumbo. Ikiwa mionzi inaua seli T, na ikiwa uvimbe unahitaji seli T ili udhibitiwe, hizo zinazofanya kazi baada ya mionzi zinatoka wapi? Wengi walijibu kwamba zinatoka kwenye tezi za limfu. Za ndani zinakufa, mpya zinaitwa, zinaingia na kuendeleza kazi.

Timu ya Arina iliijaribu hoja hiyo moja kwa moja kwa kuzuia seli mpya zisiingie. Kama hoja ni kweli, uvimbe uliopigwa mionzi ungepaswa kuendelea kukua. Haikuwa hivyo. Seli T zilizokuwamo tangu mwanzo ziliendelea kuukabili uvimbe bila msaada kutoka nje, tena zikitengeneza kwa wingi zaidi gama-interferoni, protini ambayo seli T huitumia kuchochea mashambulizi ya kinga.

Zimewezaje kuhimili? Watafiti walichunguza vinasaba vinavyofanya kazi ndani ya seli hizo na kuona kwamba zimebadilika tabia. Zilifanana na seli T zilizoacha kusafiri kwenye damu na kuweka makazi katika viungo. Seli hizo wakazi hukaa kwenye ngozi, mapafu na utumbo, zikisubiri adui aliyewahi kuonekana mahali hapo. Zilipopimwa, zilihimili mionzi zaidi kuliko dada zao wa kwenye damu na tezi.

Aliyezibadili ni TGF-beta, protini ambayo uvimbe mwingi huitoa kwa wingi. Mwito wake ulipozuiwa, seli T zilipoteza sehemu ya uwezo wake wa kuhimili.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana linapindua hesabu za watu wengi. Kwa miaka mingi TGF-beta imehesabiwa miongoni mwa maadui wakubwa wa kinga: huzituliza seli T, hujenga tishu ngumu kuzunguka uvimbe, huzuia seli mpya zisiingie. Kampuni za dawa zimetumia fedha nyingi kutafuta namna ya kuizima. Mwaka 2021 jaribio kubwa la dawa mojawapo ya aina hiyo, bintrafusp alfa, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu lilisitishwa baada ya kuonekana kwamba halitafaulu. Jaribio hilo halikuhusu mionzi. Lakini kwa mionzi swali ni gumu zaidi: protini ileile inayozituliza seli T ndiyo inayozisaidia kubaki hai mashine inapowaka. Ukiizima kabla ya mionzi huenda ukaziacha uchi. Ukiizima baada ya mionzi huenda ukazifungua zifanye kazi. Tofauti ya wiki chache tu kwenye ratiba inaweza kugeuza faida ikawa hasara.

> *Protini ileile inayozituliza seli T ndiyo inayozisaidia kubaki hai mashine inapowaka.*

Ni wajibu kusema pia kwamba panya si binadamu. Uvimbe wa panya hukua kwa siku, wa binadamu huweza kukua kwa miaka, na seli T zake zimekaa humo muda mrefu na kuchoka. Na uvimbe usio na seli T kabisa, ambao upo kwa wagonjwa wengi, hauna askari wa kusalia.

Mwito unaotoka kwenye seli inayokufa

Kubaki hai ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mionzi huzipa seli hizo sababu ya kuamka.

Mionzi hukata DNA ya seli ya saratani. Vipande vyake huponyoka kutoka kwenye kiini na kuingia sehemu ya seli ambako DNA haitakiwi kuwepo. Mwaka 2013 maabara ya Zhijian Chen huko Dallas ilieleza kazi ya kimeng'enya kiitwacho cGAS, kinachovinasa vipande kama hivyo na kuwasha protini nyingine, STING. Hapo seli hutoa interferoni, ishara ileile inayotumika virusi vinapoingia. Mwaka uliofuata kundi la Chicago lilionyesha kwamba bila STING, mionzi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuamsha kinga kwa panya.

Ukweli huo ukazua ubishi wa dozi. Ukiuliza mtu wa kawaida, atasema mionzi mingi kwa mara moja ndiyo itakayoamsha zaidi. Silvia Demaria na Sandra Formenti wa New York walipata vingine. Mwaka 2009 timu yao ilionyesha kwamba grei 8 mara tatu, pamoja na dawa ya kuzuia CTLA-4, ziliweza kuunyweza hata uvimbe wa panya usiopigwa mionzi, ilhali grei 20 kwa mara moja hazikuweza. Mwaka 2017 wakaeleza sababu mojawapo: dozi ya mara moja inapozidi kiwango fulani, kati ya grei 12 na 18, seli hutengeneza kimeng'enya TREX1 kinachozila zile DNA zilizoponyoka, na mwito unazimwa kabla haujafika mbali.

Si wote wanaokubali kwamba namba hizo zinahamia kwa binadamu. Wapo wanaoendelea kutetea dozi kubwa chache kwa sababu huua uvimbe vizuri zaidi palepale. Wapo pia waliokwenda upande wa pili kabisa: mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba hata dozi ndogo ya grei 2 au chini yake hubadili tabia ya makrofaji, seli walaji za mwili, na kufungulia seli T mlango wa kuingia kwenye uvimbe.

Na mionzi haiiti wema peke yao. Baada ya kupigwa, uvimbe huvuta pia seli zinazozima kinga, zikiwamo zile seli T za kudhibiti ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao, na ambazo zenyewe zina ugumu wake mbele ya mionzi. Juu ya hapo, gama-interferoni inayotolewa na seli T zilizosalia huzifanya seli za saratani ziongeze PD-L1, mkono unaobonyeza kizuizi cha PD-1. Askari aliyesalia anakuta amewekewa pingu mpya. Hoja ya kuongeza dawa ya PD-1 au PD-L1 kwenye mionzi inaanzia hapo.

Hospitalini matokeo yanapishana

Kwenye karatasi hoja hiyo inapendeza. Kwa wagonjwa imeleta furaha na simanzi kwa zamu.

Furaha ilikuja mwaka 2017 kwa jaribio la PACIFIC. Wagonjwa 713 wa saratani ya mapafu ya hatua ya tatu, waliokwisha kumaliza mionzi na kemikali, walipewa ama durvalumab, dawa ya kuzuia PD-L1, ama dripu isiyo na dawa. Ugonjwa ulitulia kwa miezi 16.8 kwa waliopata dawa na miezi 5.6 kwa wasiopata. Miaka mitano baadaye, asilimia 42.9 ya kundi la dawa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 33.4. Kwa ugonjwa ambao madaktari walikuwa wamezoea kuona ukirudi haraka, hilo lilikuwa badiliko kubwa.

Watu wakafikiri: kama dawa baada ya mionzi inafaa, ikianza pamoja na mionzi itafaa zaidi. Jaribio la PACIFIC-2 lilifanya hivyo hasa, na halikufikia lengo lake. Kwa saratani za kichwa na shingo, JAVELIN Head and Neck 100 lililotumia avelumab na KEYNOTE-412 lililotumia pembrolizumab yalianza dawa hizo za kinga pamoja na mionzi na kemikali. Yote mawili hayakufaulu.

Kwa saratani iliyokwisha kusambaa, jaribio dogo la New York lenye wagonjwa 62 wa kichwa na shingo lilipima kama kupiga mionzi uvimbe mmoja kungesaidia nivolumab, dawa ya kuzuia PD-1, kuunyweza uvimbe mwingine. Halikuona nyongeza. Weichselbaum na wenzake wana jibu lao kwa hilo: kama seli T zinazofaa zaidi ni zile zilizo ndani ya kila uvimbe, basi kupiga sehemu moja na kusubiri nyingine zipone zenyewe ni kutegemea njia dhaifu. Afadhali kupiga sehemu nyingi, ili wakazi wa kila mahali waamshwe palepale walipo.

Ubishi wa tezi

Waliochambua kushindwa kwa majaribio ya kichwa na shingo waligeukia tezi za limfu. Katika saratani hizo daktari hupiga mionzi uvimbe na pia tezi za shingo zilizo karibu, hata kama hazina ugonjwa unaoonekana, kwa hofu kwamba seli chache za saratani zimejificha humo. Kumbe tezi hizohizo ndiko seli T mpya hufundishwa. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kupiga mionzi tezi pamoja na uvimbe hupunguza faida ya dawa za kinga. Kambi moja sasa inataka tezi zisizo na ugonjwa ziachwe. Kambi nyingine inajibu kwamba kuziacha bila ushahidi wa kutosha kwa binadamu ni kucheza na uhai wa mgonjwa, maana saratani ikirudi shingoni hakuna atakayefarijika kwa kuambiwa seli zake T zilihifadhiwa.

Mimi naiona hoja ya kambi ya pili kuwa na nguvu kwa sasa, na sababu yangu inatoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi.

Huko nako tezi za nyonga hupigwa mionzi kama kawaida, pamoja na mifupa ya nyonga yenye uboho unaotengeneza damu. Jaribio la CALLA, lenye wanawake 770, lilianza durvalumab pamoja na mionzi na kemikali. Halikufaulu. Watu wakadhani mlango umefungwa. Lakini KEYNOTE-A18, lenye wanawake 1,060 waliokuwa na ugonjwa ulioenea zaidi ndani ya nyonga au kwenye tezi, lilitumia pembrolizumab, nalo likafaulu. Baada ya miezi 36, asilimia 82.6 ya waliopata dawa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 74.8 ya wasiopata. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi hayo Januari 2024.

> *Tezi zilipigwa, uboho ulipigwa, dawa ikaanza pamoja na mionzi, na bado wanawake wengi zaidi waliishi.*

Tezi zilipigwa, uboho ulipigwa, dawa ikaanza pamoja na mionzi, na bado wanawake wengi zaidi waliishi. Nadharia ya tezi peke yake haielezi hilo. Huenda tofauti ni dawa, kwani pembrolizumab hushika PD-1 kwenye seli T na durvalumab hushika PD-L1. Huenda ni aina ya wagonjwa waliochaguliwa. Na ukilinganisha na majaribio ya kichwa na shingo, huenda ni saratani yenyewe, ambayo karibu kila mara husababishwa na virusi vya HPV, na kwa hiyo ndani ya uvimbe mna alama za kigeni ambazo seli T zinazitambua tangu mwanzo. Hili la mwisho linalingana na picha ya Chicago: mahali ambapo askari wamekwisha kuwamo, mionzi haikuwamaliza.

Foleni ya Dar es Salaam

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kwa saratani Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaonyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo karibu 6,500. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshapita hatua ya upasuaji, na hapo tegemeo ni mionzi.

Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kando ya bahari ambako Wajerumani walijenga hospitali mwaka 1897, ratiba ya matibabu haya inafahamika. Mama analala chali juu ya meza ya mashine. Kwenye ngozi ya nyonga kuna alama za wino alizowekwa siku ya vipimo, na wataalamu wanazilinganisha na mistari ya mwanga inayotoka ukutani, wakimsogeza sentimita hadi alama na mwanga vikutane. Wanatoka, mlango unafungwa, mashine inazunguka kwa dakika chache. Kesho tena. Ni mara 25 kwa kawaida, siku tano kwa wiki, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kemikali, kila wiki kwa wanaoiweza, kisha mionzi ya ndani.

Upatikanaji wa huduma yenyewe katika eneo letu bado ni wa kuhangaikia. Uganda ilionja hali hiyo mwaka 2016, mashine yake pekee ya kobalti ilipoharibika na wagonjwa wakabaki bila mionzi nchini hadi mashine mpya ilipoanza kazi karibu miaka miwili baadaye. Dar es Salaam imekuwa na mashine za kisasa zaidi za linaki, zinazotoa mionzi kwa umeme badala ya kobalti, tangu 2018, na Bugando, Mwanza, inahudumia Kanda ya Ziwa.

Pembrolizumab ni habari nyingine. Marekani dozi moja ya wiki tatu ina bei ya zaidi ya dola 10,000, na katika KEYNOTE-A18 mgonjwa alipangiwa dozi 20, tano za kwanza za kila wiki tatu na 15 za kila wiki sita, zilizo kubwa maradufu. Hakuna familia ya kawaida Tandale, Kisumu au Mbarara inayoweza kubeba hilo, wala bima zetu haziwezi kwa sasa.

Je, utafiti huu basi ni wa wengine? Sikubali. Wanawake wenye VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya shingo ya kizazi, na katika foleni zetu za mionzi wapo wengi. Hao wanaingia kwenye matibabu seli za CD4 zikiwa zimeshapungua, wengine zikiwa zimerudi baada ya miaka ya dawa za kufubaza virusi. Kilichomo ndani ya uvimbe wao, wakazi wangapi wapo, wangapi wanasalia baada ya wiki ya kwanza ya mionzi, haviwezi kujulikana kwa kuchunguza wagonjwa wa Chicago. Swali hilo ni letu.

Kuna onyo moja la kutoa hapa. Utafiti huu hautoi ruhusa kwa mgonjwa kukatisha mionzi ili "kulinda kinga", wala hauthibitishi unga na chupa zinazouzwa kwa ahadi ya kupandisha CD4. Siku za mionzi zinazorukwa huipa saratani nafasi ya kujijenga upya, na hilo limethibitishwa kwa wagonjwa wa shingo ya kizazi kwa miongo mingi.

Kinachoweza kufanyika kesho asubuhi ni kidogo na cha bei nafuu. Mgonjwa anayepewa sisplatini hupimwa picha kamili ya damu mara kwa mara. Daktari anayeamua kama dripu iendelee huangalia kwanza hemoglobini, chembe sahani na neutrofili. Kwenye karatasi hiyohiyo upo mstari wa limfosaiti. Mistari hiyo ya wagonjwa maelfu tayari imo kwenye majalada, na ikikusanywa itaonyesha kwa wagonjwa wetu wenyewe, wenye VVU na wasio na VVU, nani hushuka, hushuka kiasi gani, na kama upana wa eneo lililopigwa una uhusiano na hilo.

Mashine za kuhesabu CD4 zipo kwenye kliniki za VVU, na mafundi wa kuziendesha wapo. Kipande cha uvimbe huchukuliwa kwa kila mgonjwa kabla ya matibabu ili kuthibitisha saratani. Kuchukua kingine wakati wa mionzi ya ndani, mgonjwa akiwa ameshapewa dawa ya maumivu, kunahitaji idhini yake, kamati ya maadili na friji nzuri. Hataza kuu za pembrolizumab nchini Marekani zinatarajiwa kumalizika mwaka 2028, na wenye viwanda vya dawa za kufanana nayo wamekwisha kuanza kujiandaa. Wizara za afya za nchi zetu zitakapoketi kujadili bei na kuamua nani aanze kupewa, namba za wagonjwa wetu ziwe mezani.